Wino wa foili juu ya karatasi ya sintetiki: kopo ni zima, maji ndiyo yanayouchelewesha

Kwa mashine ya ofseti isiyo na taa za UV (taa za miali ya urujuanimno zinazogandisha wino maalumu papo hapo), wino uliotengenezwa kwa ajili ya vitu visivyonyonya ndio wino unaofaa kupigwa juu ya karatasi ya sintetiki ya polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki. Makopo yake huandikwa wino wa foili, au wakati mwingine wino wa plastiki. Hukumu yetu ni hiyo na hatuizungushi. Hata hivyo, kazi nyingi zinazopigwa kwa wino huohuo hukaa siku tatu au nne na bado kidole kikipita kinabeba rangi, kisha lawama humwangukia aliyetengeneza wino. Mara nyingi si zake. Kopo lilikuwa zima. Kilichoharibu kazi ni maji ya fauntini (maji yenye dawa yanayolowesha pleti, yaani bamba lenye picha, ili sehemu zisizo na picha zisishike wino), unene wa wino na kimo cha rundo. Tathmini hii inaupima wino pamoja na hayo matatu, kwa sababu wino huu hauwezi kuhukumiwa peke yake.

Karatasi ya kawaida humsaidia mpiga chapa bila yeye kuona. Wino ukitua, mafuta mepesi huzama kati ya nyuzi ndani ya dakika chache, na kinachobaki juu, yaani rangi na resini, huwa kizito kiasi cha kuvumilia kushikwa. Baada ya hapo mafuta yanayokauka, kama yale ya kitani, huvuta oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu. Juu ya polipropilini hatua ya kwanza haipo. Hakuna nyuzi wala pa kuzama. Wino wote unabaki juu, mbichi, ukisubiri oksijeni.

Wino wa kila siku una mafuta ya madini ambayo hayaungani na oksijeni hata yakisubiri mwezi mzima. Kwenye karatasi ya nyuzi hayo hunyonywa. Kwenye sintetiki hayana pa kwenda. Mengine hubaki ndani ya utando na kuufanya uwe laini, mengine huingia kwenye plastiki yenyewe na kuivimbisha. Ndiyo maana laha hutoka mashineni ikiwa imenyooka, kesho yake ikakutwa imejikunja au ina mawimbi yanayofuata umbo la picha. Ikishafika hapo hainyooki tena, hata ikiwekewa uzito wa namna gani.

Wino wa foili umepikwa kwa njia nyingine: mafuta yanayokauka na resini ni mengi, vikausho vya kobalti na manganisi, yaani vichocheo vya kuharakisha kukauka, vimo tayari, na mafuta mepesi ya madini ni kidogo sana. Kipimo kinachofaa kudaiwa kwa polipropilini ni chini ya asilimia 3 ya uzito. Kabla ya kununua, soma waraka wa kiufundi wa wino wenyewe, usiishie kwenye lebo. Kama waraka hautaji kiasi cha vimumunyisho, yaani hayo mafuta mepesi, muulize muuzaji, na asipojua, tafuta mwingine. Kuna kosa moja la kununua linalojirudia mno: wino unaosifiwa kwamba unaweza kulala kwenye kihori (chombo cha mashine kinachoshika wino) usiku kucha bila kuganda. Kwenye karatasi ya kawaida sifa hiyo ni neema. Kwenye sintetiki ni maafa, kwa kuwa wino uliozuiwa kuganda kihorini umezuiwa kuganda kwenye laha pia.

Uzuri wa wino wa foili unaonekana ukishakauka. Utando wake ni mgumu, unashika vizuri kwenye uso uliotibiwa kwa umeme ili upokee wino, na kung'aa kwake hakupungui kwa kunyonywa, kwa hiyo rangi iliyo mezani ndiyo itakayobaki. Udhaifu wake uko mashineni. Unaota ngozi haraka kihorini, na rola zikisimama zaidi ya nusu saa hivi huanza kunata. Mashine ikisimama kwa chakula cha mchana, rola zioshwe. Dawa ya kupulizia ya kuzuia ngozi inaruhusiwa kihorini kwa kiasi kidogo, juu ya uso wa wino tu. Ikipulizwa kwenye rola huchanganyika na wino na kufika kwenye laha, na huko itafanya kazi ileile ya kuzuia kukauka.

Maji

Tukiambiwa tuchague jambo moja la kumwambia mtu anayeanza kupiga sintetiki, ni hili: punguza maji, kisha pima kile kilichobaki.

Karatasi ya nyuzi hubeba sehemu ya maji kwenye kila laha inayopita. Sintetiki haibebi karibu chochote. Maji yasiyoondoka na laha hurudi kwenye wino, wino unayameza, na wino uliomeza maji kupita kiasi hukauka polepole mno, hata kama kopo lake ni bora kuliko yote sokoni. Matone madogo ya maji hukaa ndani ya utando na kuingilia kazi ya vikausho. Dalili zinaonekana mapema kwa mwenye kutazama: wino kihorini unapoteza mng'ao, ukiinuliwa kwa kisu unakatika badala ya kuvutika, na rola zinaonyesha ngozi yenye vidoti vya maji. Ukiona hivyo, kuongeza wino ili kurudisha rangi ni kosa juu ya kosa. Punguza maji mpaka pleti ianze kushika uchafu pembeni, kisha rudisha kidogo tu, kiasi cha kusafisha. Fanyia kazi hapo.

Asidi nayo. Maji ya fauntini yawe kati ya pH 4.5 na 5.5, na sisi tunapendelea upande wa 5 na kuendelea. Asidi ikizidi hushambulia kobalti na manganisi na kuvifanya visifanye kazi yake. Kipimo cha pH hakipandi kama ngazi za kawaida: maji yenye pH 4 yana ukali wa asidi mara kumi kuliko yenye pH 5. Kwa hiyo anayesema «imeshuka kidogo tu» huenda ameshusha nguvu ya vikausho vyake vyote. Pima kila asubuhi, na tena baada ya kila saa nne. Vipande vya karatasi vya kupimia vinatosha kuanzia, ingawa kipimo cha umeme kilichosahihishwa kwa maji ya pH 4 na 7 ni bora.

Kwa tangi la lita 10, mchanganyiko unaofanya kazi ni mililita 200 hadi 300 za dawa ya fauntini, alkoholi ya isopropili lita 0.8 hadi 1.2, na maji safi kujazia. Alkoholi inafanya maji yatande kwa utando mwembamba zaidi, na huvukiza kabla ya kufika kwenye laha. Vibadala vyake vyenye glikoli vinafaa kwa afya ya chumba, lakini glikoli haivukizi kwa urahisi na hujikusanya ndani ya wino. Kama chumba hakiruhusu alkoholi, chagua kibadala ambacho mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba kinafaa vitu visivyonyonya, na usizidishe kipimo chake hata kwa mililita. Usiongeze dawa ya fauntini kwa kukisia. Wengi huongeza pleti ikichafuka, na kila kikombe kinashusha pH.

Kazi yenye picha ndogo ina hatari yake. Mstari mmoja wa maandishi ya sayani (buluu ya uchapaji) kwenye laha nzima unakula wino kidogo sana, kwa hiyo wino uleule unazunguka kwenye rola dakika nyingi ukipigwa maji. Dawa yake haina gharama: weka milia ya wino kwenye mkia wa laha, mahali patakapokatwa, upana wa milimita 5 hadi 10 kwa kila rangi inayotumika kidogo. Milia hiyo huvuta wino wa zamani kutoka kwenye rola na kuacha mpya uingie. Tunaiweka kila rangi inapofunika chini ya asilimia 10 hadi 15 ya laha, na mbuni wa kurasa aambiwe mapema ili aache nafasi.

Lipo jaribio dogo linalomaliza ubishi kati ya mpiga chapa na muuza wino. Pima gramu 10 za wino kutoka kwenye kopo jipya, gawanya mara mbili. Nusu moja iache kama ilivyo. Nusu nyingine ichanganye juu ya kioo kwa kisu na mililita 2 za maji ya fauntini yaliyo mashineni sasa hivi, dakika tano, kisha mwaga maji yaliyokataa kuingia. Gusa kila wino kwa kidole na uutandaze kwa kugongagonga juu ya kipande cha sintetiki ileile ya kazi, kwa unene unaofanana. Viache vyote viwili wazi, mahali pamoja. Kidole gumba kisogezwe juu yake kila baada ya saa mbili. Kama usio na maji umekauka na wenye maji bado, tatizo liko tangini. Kama vyote viwili vimegoma, wino au karatasi ndiyo ya kuulizwa. Kama vyote vimekauka vizuri lakini rundo bado bichi, acha kulaumu kemia na utazame unene na hewa.

Unene wa wino na maandalizi ya faili

Rangi nne zikikaa juu ya nyingine kwa ujazo kamili ni asilimia 400 ya wino. Kwenye sintetiki jumla hiyo isizidi 250 hadi 260 popote kwenye picha. Hili halirekebishwi mashineni. Ni kazi ya anayeandaa faili, ambaye ataondoa sayani, majenta (nyekundu ya uchapaji) na njano kwenye vivuli na kuiachia nyeusi ibebe giza. Vivuli vilivyotengenezwa hivyo vinakauka vizuri, na rangi ya kijivu haiyumbi kazi ikiendelea. Nyeusi pana ya usuli ipigwe kwa nyeusi na sayani ya asilimia 30 hadi 40, basi. Rangi maalumu iliyochanganywa mapema na kupigwa mara moja ni bora kuliko rangi tatu zilizopandana.

Mashineni, densiti (kipimo cha ukolezi wa rangi kwenye laha) ishuke chini kidogo ya ile ya karatasi iliyopakwa. Nyeusi 1.60, sayani 1.30, majenta 1.35 na njano 0.95, zikipimwa mbichi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Macho hayatadai zaidi kwa kuwa wino haujazama. Wino wenye rangi nzito ndani yake una thamani hapa: unatoa densiti hiyo kwa utando mwembamba zaidi, na utando mwembamba ndio unaopitisha oksijeni hadi chini.

Rundo

Wino huu unakauka kwa oksijeni, na katikati ya rundo refu oksijeni ni haba. Sintetiki inazidisha shida, kwani haipitishi hewa, ni nyororo, na uzito wake unaibana laha juu ya laha kama vioo viwili. Kazi yenye wino mwingi isimame sentimita 10 hadi 15, yenye maandishi tu inaweza kufika 30. Tumia mbao na vipande vya kona ili uzito wa rundo moja usilalie jingine.

Unga wa kupulizia unahitajika, na uwe wa chembe kubwa, maikroni 30 hadi 40. Watu huogopa kwamba unga utakwaruza plastiki. Hofu hiyo ina msingi kwa kiasi fulani: unga mwingi huacha uso wenye mchanga na kuharibu vanishi. Lakini unga mdogo wa chembe nyembamba hautengenezi nafasi kati ya laha mbili nyororo, na bila nafasi hakuna hewa, na wino huhamia mgongoni mwa laha ya juu. Anza na kiasi kidogo cha chembe kubwa, panda taratibu mpaka laha ya juu ikiinuliwa isivute ya chini.

Baada ya saa mbili hadi nne, rundo lipepetwe. Shika kona za fungu dogo, kunja, achia hewa iingie, rudisha. Lifanywe tena kabla ya kufunga kazi siku hiyo. Kukauka kwenyewe kunazalisha joto, na rundo refu hulihifadhi. Likipata joto kupita kiasi, wino unalainika, unabandikana, na plastiki huanza kuvutika. Kwa sababu hiyohiyo kikausho cha miali ya joto kiwe kimezimwa au kimeshushwa sana. Wengi hukiwasha wakidhani wanasaidia. Juu ya karatasi ya nyuzi kinaharakisha kunyonywa kwa mafuta. Hapa hakuna kunyonywa, kinachobaki ni hatari ya laha kubadilika ukubwa na rangi kutogongana.

Chumba kiwe nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa hewa asilimia 50 hadi 55. Unyevu ukipanda juu ya 65 kukauka kunakawia. Ukishuka chini ya 40 umeme tuli unagandisha laha zote pamoja, mashine inachukua mbili mbili, na hewa haiingii. Karatasi iletwe chumbani saa 24 kabla, ikiwa bado imefungwa. Laha baridi kwenye chumba cha joto huvuta unyevu juu yake, na huo ni maji mengine usiyoyapima.

Si kila sintetiki ni moja

Karatasi ya chapa ya Yupo, inayotoka Japani, ni polipropilini iliyovutwa pande mbili, nyororo, na wino unaokauka kwa oksijeni juu yake hutegemea hewa tupu. Yote yaliyosemwa hapo juu yanaihusu moja kwa moja. Chapa ya Polyart ni polithini nzito iliyopakwa udongo mweupe pande zote mbili, na tabaka hilo huushika wino mapema, hivyo haina ukatili uleule, ingawa rundo refu bado litakuadhibu. Chapa ya Teslin ni jamii nyingine kabisa: imejaa silika na vitundu vidogo, inanyonya, na mpiga chapa aliyezoea karatasi ya nyuzi ataielewa siku ya kwanza. Anayeanza, akiwa na uhuru wa kuchagua na kazi ikikubali, aanze na mojawapo ya hizi mbili za mwisho.

Filamu ya polipropilini isiyotibiwa ni suala tofauti na kukauka, lakini huchanganywa nalo. Uso wake una nishati ya dyne (kipimo kidogo cha nguvu) 30 hivi kwa sentimita, na wino unataka 38 hadi 42. Utando unaweza kukauka ukawa mgumu kabisa kisha ukabanduka wote kwa utepe. Hilo ni tatizo la kushika, na kusubiri siku zaidi hakulitibu. Kalamu za kupimia nishati ya uso zipitishwe kwenye laha kutoka kila kifurushi kabla ya kutengeneza pleti, hasa ikiwa kifurushi kimekaa muda mrefu ghalani, maana matibabu ya umeme hufifia.

Vikausho vya kuongeza, na UV

Chupa ndogo ya kobalti iko karibu na kila mashine, na mkono huiendea haraka mno. Wino wa foili tayari una vikausho vya kutosha. Ukilazimika, kwa mfano kopo limekaa muda mrefu, usizidi gramu 10 kwa kilo moja ya wino, yaani asilimia 1, pima kwa mizani, vaa glovu. Kobalti hukausha kutoka juu. Ikizidi, ngozi hufunga usoni na kuizuia oksijeni isifike chini, kwa hiyo laha huonekana kavu ikiguswa na hukwaruzika ikikatwa. Ikizidi zaidi, wino unameza maji kwa pupa na rola zinakauka kabla ya laha. Kuna dawa nyingine ya kukausha inayowekwa kwenye maji ya fauntini. Hiyo tunaipendelea, kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa kuwa haivurugi wino koponi.

Wino wa UV unakwepa sehemu kubwa ya makala haya. Unaganda chini ya taa, laha inatoka kavu, inakatwa siku hiyohiyo. Unahitaji taa, rola na blanketi (mpira unaohamisha picha kutoka kwenye pleti hadi kwenye laha) zinazouvumilia, na bado kushika kwake kupimwe kwa kila aina ya karatasi. Mwenye kazi za sintetiki kila wiki aufikirie kwa dhati. Mwenye kazi moja kwa mwezi hana sababu: wino wa foili na nidhamu ya maji vitamtosha.

Muda wa kumwahidi mteja ni saa 48 kabla ya kukata, 72 kwa kazi nzito. Usikate kwa kuangalia saa tu. Toa laha katikati ya rundo, maana ya juu imekauka kwa hewa ya chumba na itakudanganya. Bonyeza kidole gumba na ukizungushe. Kisipoacha alama, kwaruza kwa ukucha. Ukucha ukipita salama, bandika utepe, usugue, uvute kwa mara moja. Laha ikishindwa popote, pepeta rundo tena na uligawe mara mbili. Wino uliobaki koponi usawazishe kwa kisu hadi uso uwe tambarare, funika kwa duara la karatasi ya nta iliyogusana na wino bila povu la hewa, na uandike tarehe juu ya kifuniko.